Kasoro za Uso kwenye Vipande vya Faiba Vilivyovutwa Resini kwa Ombwe: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Kipande kikitoka kwenye kalibu kikiwa na vitundu, mabaka au alama za nyuzi usoni, mafundi wengi hukimbilia msasa na puti. Nakuomba usubiri. Kasoro hueleza ilikotoka kwa mahali ilipokaa: iko karibu na resini ilikoingilia au ilikoishia, imejipanga mstari au imetawanyika, iko ndani ya jelikoti (tabaka la resini ya usoni linalotangulia kuwekwa kwenye kalibu) au chini yake. Ukishasaga, ushahidi huo wote unakuwa vumbi, na kipande kinachofuata kitatoka na kasoro ileile. Kwa hiyo tutaanza na kusoma, tutapita kwenye vyanzo, na marekebisho yatakuja mwisho.

Nachukulia kwamba kazi yenyewe unaijua: unalaza vitambaa vikavu vya kioo au kaboni kwenye kalibu, unafunika kwa kitambaa cha kubandua, wavu wa kupitishia resini na mfuko wa plastiki, pampu inavuta hewa na kuacha ombwe (utupu), kisha unafungua mrija na resini inaingia.

Hatua ya 1: Soma kipande kabla ya kukigusa

Kioshe kwa maji safi, kikaushe, kisha kizungushe chini ya mwanga wa tochi unaopita kwa ubavu. Mwanga wa juu huficha mawimbi na alama za nyuzi, lakini wa ubavu huzianika. Kama ni faiba ya kioo isiyo na rangi nzito, weka taa nyuma yake: sehemu ambazo resini haikufika vizuri zitaonekana nyeupe au zenye ukungu. Gonga kwa sarafu eneo lote. Mlio ukibadilika ghafla kutoka mkali kuwa mzito na mfupi, hapo tabaka zimeachana au kuna uwazi ndani.

Zungushia kila kasoro kwa kalamu ya wino. Chora kipande kwenye karatasi, uonyeshe resini ilikoingilia, ilikotokea, viungo vya mfuko vilikokuwa na pembe kali zilipo. Andika joto la chumba, joto la resini, usomaji wa geji na muda resini iliotumia kufika mwisho. Piga picha. Kisha chokonoa kasoro moja kwa sindano: kitundu kikiishia ndani ya jelikoti, chanzo ni upuliziaji wa jelikoti. Kikizama hadi kwenye nyuzi, chanzo ni uvutaji wa resini. Jaribio hilo dogo huokoa muda mwingi, kwa sababu makundi haya mawili hayana uhusiano wowote kimatibabu.

Hatua ya 2: Vitundu vya sindano

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa macho vitundu vyote hufanana, lakini vinatoka sehemu nne tofauti, na dawa ya kimoja inaweza kuzidisha kingine.

Chanzo cha kwanza ni uvujaji. Hewa inayopenya kwenye mfuko huacha mkia: vitundu huanza sehemu moja na kuelekea upande wa pampu kama msururu, vikipanuka kadiri vinavyosonga. Fuata mkia huo kurudi nyuma na mara nyingi utafika kwenye kona ya utepe wa kuzibia, kiungo cha mrija, au ufa wa kalibu yenyewe. Usidharau uvujaji mdogo. Hewa ya nje ina presha ya milibari 1,000 hivi. Ikiingia ndani ya mfuko wenye milibari 10, hutanuka mara 100 kwa ujazo.

Jaribio la kushuka kwa ombwe ndilo mwamuzi. Vuta hadi chini kabisa, funga vali kati ya pampu na mfuko, tazama geji kwa dakika 15 au zaidi. Presha ikipanda milibari chache tu, endelea. Ikipanda kwa kasi ileile bila kupunguza mwendo, kuna tundu. Lakini ikipanda haraka mwanzoni halafu ikapoa na kusimama, huenda mfuko ni mzima na kinachotoka ni unyevu uliojificha kwenye vitambaa au kiini (mbao au povu linalowekwa kati ya tabaka), na hapo dawa ni kuendelea kuvuta kwa saa kadhaa, si kubadilisha utepe.

Neno kuhusu geji. Geji ya mshale yenye daraja la usahihi 2.5 inaweza kukosea milibari 25, na hiyo ni pana kuliko tofauti yote unayotaka kuiona. Tena hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo usomaji hubadilika na mwinuko wa mahali. Kwenye mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina presha ya takriban milibari 835, na pampu nzima kabisa haitaufikisha mshale kwenye 1,000. Wapo wanaobadilisha pampu bure kwa sababu hii. Ukiweza kununua kifaa kimoja tu mwaka huu, nunua geji ya kidijitali inayopima presha kamili, inayoanza kuhesabu kutoka kwenye ombwe tupu.

Chanzo cha pili ni hewa iliyoingia na resini. Ukikoroga kwa nguvu unaichapa hewa ndani. Vitundu vya aina hii huwa vingi upande resini ilikoingilia na hutawanyika kama chembe. Koroga polepole ukigusa kuta na kitako cha chombo, acha itulie, na kama resini ni ya epoksi, iweke ndani ya tangi la ombwe mpaka povu lipande na kuanguka. Chombo kiwe kikubwa mara kadhaa kuliko resini yenyewe, maana povu hupanda sana. Resini za poliesta na vinilesta usizitendee hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu utaivukiza stirini, kimiminika chepesi kilicho ndani yake. Hakikisha pia mdomo wa mrija umefungwa usiondoke kwenye kitako cha ndoo. Mvuto mmoja wa hewa mwishoni mwa ndoo unatosha kuacha mstari wa vitundu kuanzia mlangoni, yaani resini inakoingilia, hadi katikati ya kipande.

Chanzo cha tatu ni mvuke. Kila kimiminika huchemka presha ikishuka vya kutosha. Maji yenye joto la digrii 20 huchemka kwenye milibari 23 hivi, na kwenye digrii 30 huchemka kwenye milibari 42. Stirini iliyo ndani ya poliesta, kwenye digrii 20, hukaribia kuchemka kwenye milibari 6 au 7, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kiwango hicho kinavyopanda. Maana yake: kwa poliesta siku ya joto, pampu kali sana inaweza kukuharibia kazi. Ukiona vitundu vimejaa upande wa pampu, ilhali jaribio la kushuka lilipita bila dosari, shuku mvuke. Vuta ombwe la chini kabisa wakati kitambaa kikiwa kikavu ili unyevu utoke, halafu legeza kidogo kabla ya kufungua poliesta. Vitambaa vitunzwe ndani ya plastiki, mbali na sakafu ya saruji, na viini vya mbao vikaushwe kwanza.

Chanzo cha nne ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachotesa zaidi wanaotengeneza kaboni ya kuonekana, isiyofunikwa kwa rangi. Hewa ya nje inakandamiza mfuko, na mzigo huo hubebwa na wawili: nyuzi na resini. Karibu na mlango, wakati resini inaingia, resini hubeba sehemu kubwa. Ukifunga mlango huku pampu ikiendelea kunyonya, resini hutoka kidogo kidogo, nyuzi hubanana na kuuchukua mzigo, na presha ndani ya resini hushuka kuelekea ile ya pampu. Hapo kiputo ambacho kilikuwa kidogo mno kuonekana huvimba, na resini haina tena nguvu ya kujisukuma kwenye uso wa kalibu. Utakuta vitundu vimetawanyika karibu sawasawa, hasa pale nyuzi zinapopishana, bila mkia wala kitovu.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, wavu wa kupitishia resini uishie sentimita 5 hivi kabla ya mrija wa kutokea, ili resini ipite kwenye kitambaa pekee sehemu hiyo ya mwisho na isikimbie ovyo kwenda kwenye pampu. Pili, kipande kikishajaa na viputo vikaacha kutoka, funga mlango, kisha punguza mvuto upande wa pampu hadi karibu nusu ya ombwe na ushikilie hapo hadi resini igande. Kipande kitakuwa kinene kidogo na kitabeba resini zaidi kidogo. Kwa kipande ambacho uso wake ndio bidhaa, bei hiyo ni halali. Ila mfuko unaovuja hauponi kwa njia hii: utapunguza tu kasi ya kuharibika.

Hatua ya 3: Mabaka makavu

Baka kavu ni sehemu ambayo resini haikufika au ilifika ikiwa imechoka. Likiwa upande wa mwisho wa safari, kwa kawaida resini iliganda njiani au iliisha kwenye ndoo. Muda wa kujaza hukua kwa mraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, muda unakuwa mara nne. Resini ikiwa nzito mara mbili, muda nao unakuwa mara mbili. Ndiyo maana mpango uliofaulu kwenye kipande cha nusu mita unaweza kushindwa kabisa kwenye kipande cha mita moja, na asubuhi yenye baridi ikaharibu kilichokuwa kikienda vizuri mchana. Usijibu kwa kuongeza hadina (kigandishi cha resini) wala kuipasha resini joto kali, maana zote mbili huharakisha kuganda. Ongeza mlango wa pili, au hamisha mlango uwe katikati ya kipande ili resini isafiri nusu ya umbali kila upande.

Baka likiwa katikati, limezungukwa na sehemu nzuri, hadithi ni nyingine. Resini ilipata njia ya mkato, mara nyingi mwanya kati ya ukingo wa kitambaa na ukuta wa kalibu, au chini ya mkunjo wa mfuko, ikazunguka na kufika kwenye pampu kabla ya katikati kujaa. Hewa iliyobaki haina pa kutokea. Kata vitambaa vikae vyema pembeni, usiache mifereji, na panga safari ili sehemu ya mwisho kujaa iwe palipo na mrija wa kutokea. Kama kipande kina milango kadhaa, ufunguliwe mmoja, na mwingine ufuate pale tu resini ilipoupita. Ukiufungua mapema, pande mbili za resini zitakutana na kufungia hewa kati yao.

Ukiliona baka wakati resini bado ni maji, unaweza kujaribu kuokoa: choma sindano iliyounganishwa na mrija wa pampu katikati ya baka, zungushia utepe wa kuzibia, na uvute. Fanya hivyo upande wa mfuko tu, na ujue kwamba ukishindwa kuziba utakuwa umeongeza tundu jingine.

Hatua ya 4: Pembe

Kasoro za pembe husomeka kirahisi. Kitambaa au mfuko ukikaza juu ya pembe ya ndani bila kushuka hadi chini, uwazi unaobaki hujaa resini tupu, ambayo huvunjika kirahisi, hunywea na kupasuka. Au hujaa hewa, na jelikoti iliyo juu yake hubonyea ukiibonyeza kwa kidole. Weka mikunjo ya ziada ya mfuko kwenye kila pembe, tena mingi kuliko unavyodhani inahitajika. Vuta ombwe dogo kwanza, sukuma vitambaa kwa kidole cha plastiki au mbao laini, kisha maliza kuvuta. Pembe ya kalibu ikiwa kali mno, iongezewe mviringo, maana hakuna ustadi wa mkono utakaokilazimisha kitambaa kizito kukaa kwenye pembe ya kisu.

Hatua ya 5: Alama za ufumaji zinazojitokeza usoni

Uso ulikuwa kioo siku ya kwanza, na baada ya wiki kadhaa au siku moja juani, mistari ya kitambaa inaonekana. Hakuna hewa hapa. Resini hunywea inapokomaa, poliesta kwa takriban asilimia 5 hadi 8 ya ujazo, epoksi kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Palipo na resini nyingi, yaani kati ya mafungu ya nyuzi, panabonyea zaidi ya palipo na nyuzi, na uso unafuata.

Kosa la kawaida ni kukivua kipande mapema. Kipande kilichoganda hakijakomaa. Kikikomaa nje ya kalibu hakuna kinachoushikilia uso wake, na kikipata joto la jua kuliko kilivyowahi kupata, resini hulainika na kunywea tena. Kikomaze kwa joto kikiwa bado ndani ya kalibu, kikiwa chini ya ombwe, ukipandisha joto taratibu kwa ratiba ya mtengenezaji wa resini. Lazima kalibu nayo iwe na uwezo wa kuhimili joto hilo. Kalibu ya poliesta isiyokomazwa itakuachia alama zake yenyewe.

Njia ya pili ni kuweka umbali kati ya uso na kitambaa kizito: utando mwembamba wa nyuzi, au tabaka la kwanza la mkeka mwepesi lililopakwa kwa mkono na vinilesta, likaachwa likakomaa kabla ya uvutaji. Kwa kiini chenye mifereji, elekeza mifereji upande wa mfuko, au kila mfereji utajichora usoni.

Hatua ya 6: Kasoro za jelikoti

Uso uliojikunja kama ngozi ya mamba unatokana na jelikoti ambayo haijakomaa kushambuliwa na stirini ya resini iliyofuata. Karibu kila mara ilikuwa nyembamba mno, hadina ilikuwa chache, au chumba kilikuwa na baridi. Lenga unene wa milimita 0.5 hadi 0.6 ikiwa mbichi na uupime kwa kichanio cha kupimia unene, si kwa jicho. Hadina ya peroksidi ipimwe kwa mizani, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa, mara nyingi kati ya asilimia 1.5 na 2. Endelea na vitambaa pale tu kidole kinaposikia mnato lakini hakitoki na rangi.

Jelikoti ikikusanyika na kuacha vidoa vya mviringo vilivyo tupu, kuna silikoni, mafuta au nta iliyozidi kwenye kalibu. Osha, anza upya na nta, na angalia kama hewa ya kompresa inaleta mafuta. Silikoni ya kupulizia isiingie kabisa kwenye chumba hicho. Jelikoti ikijibandua kwenye kalibu kabla ya wakati, uso utakuwa na mawimbi yenye mstari wa mwisho unaoonekana wazi: ilikuwa nene mno, hadina nyingi mno, au iliachwa usiku kucha bila kufunikwa.

Hatua ya 7: Uso unaonata au wenye utelezi

Epoksi ikikomaa kwenye baridi na unyevu huota utando wa nta, kwa sababu hadina ya amini huungana na hewa ukaa na maji. Osha kwa maji ya vuguvugu na sifongo ya kukwaruza kabla ya msasa. Ukianza na msasa unausukuma utando ndani ya mikwaruzo na rangi haitashika. Lakini epoksi inayobaki laini kama mpira baada ya siku kadhaa ilipimwa au ilikorogwa vibaya, na hiyo haiponi kwa kuoshwa. Inakwanguliwa yote.

Hatua ya 8: Thibitisha kabla ya kutengeneza kingine

Chukua kioo kinene cha dirisha, kisafishe, kipake nta, uvute juu yake kipande kidogo chenye vitambaa vilevile, resini ileile, pampu ileile. Kioo hakivuji na hakina pembe. Ukiinama chini yake utaona resini ikisonga na kitundu kikizaliwa. Kipande cha kioo kikitoka safi, tatizo liko kwenye kalibu yako au mpangilio wa mirija. Kikitoka na vitundu, tatizo liko kwenye resini, vitambaa, pampu au mwenendo wako baada ya kujaza. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha resini na utepe na pampu siku moja, hata ukifaulu hutajua kilichokuokoa.

Hatua ya 9: Kurekebisha

Vaa glavu, miwani na barakoa ya vumbi laini. Kwa stirini na asetoni vaa barakoa ya chujio la mvuke. Hadina ya peroksidi ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na isikutanishwe kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kwa sababu huweza kulipuka.

Vitundu vifunguliwe kwanza kwa ncha kali, maana kingo zao hufunika uwazi mpana zaidi chini. Puliza hewa safi, futa kwa asetoni, acha ikauke kabisa. Epoksi ijazwe kwa epoksi. Jelikoti ya poliesta haikomai vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo usichanganye. Jaza ukipita kidogo juu ya usawa, na kama unajaza kwa jelikoti, funika kwa plastiki laini, kwa sababu hewa huizuia kukomaa. Kisha msasa wa maji: 400 juu ya bonge la mbao, 800, 1200, na polishi. Ukianza na msasa mzito zaidi utaichimba jelikoti iliyozunguka kitundu.

Baka kavu dogo kwenye sehemu isiyobeba mzigo linaweza kujazwa kwa bomba la sindano kupitia vitundu viwili, kimoja cha kuingizia na kimoja cha kutolea hewa. Kwenye sehemu inayobeba mzigo, hapana. Saga hadi ufikie tabaka zima, kwa mteremko wa angalau 12 kwa 1: ukuta wa milimita 4 unahitaji mteremko wa milimita 48 kila upande. Rudishia tabaka kwa mwelekeo uleule wa nyuzi, zikomaze chini ya mfuko, na ugonge tena kwa sarafu. Mlio ukiwa bado mzito sehemu yoyote ndani ya ule mstari wa kalamu uliochora mwanzoni, saga upya.